Ziara ya masomo mwaka wa tatu: Dubai, Mauritius au Mombasa?

mwana_wa_wete
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nasoma shahada ya biashara, mwaka wa tatu, hapa Unguja. Kwetu ni Wete. Kabla ya muhula wa mwisho kila mwanafunzi anatakiwa aende ziara ya masomo nje ya nchi, halafu aandike ripoti yenye alama nyingi. Tumepewa pahala patatu tuchague pamoja: Dubai siku saba, Mauritius siku kumi, au Mombasa wiki mbili kwa boti na basi.

Mchango wa chuo ni sawa kwa wote, kinachozidi ni juu ya mzazi. Baba ni mkulima wa karafuu na msimu uliopita haukuwa mkubwa. Mombasa naimudu. Dubai tutajikaza. Mauritius itabidi ng'ombe auzwe.

Wenzangu karibu wote wameandika Dubai. Mimi nataka ripoti yangu iwe juu ya namna zao la wakulima wadogo linavyopata bei nje ya nchi, maana nimekulia kwenye majamvi ya karafuu, wazee wakizungumza bei mpaka usingizi unanichukua. Nishaurini. Jibu linatakiwa Jumatatu.

mchuuzi_darajani
Waalaykum salaam. Mdogo wangu, nenda Dubai. Mimi nauza nguo Darajani na mzigo wangu unapita kule, kwa hivyo nasema ninachokiona. Bandari ya Jebel Ali ilifunguliwa 1979, na eneo huru la biashara likaanzishwa pembeni yake 1985, mgeni akaruhusiwa kumiliki kampuni yake yote. Leo kontena linashuka, linafunguliwa, mali inagawiwa, inapakiwa tena kwenda Afrika bila ya kuingia mjini. Sisi Fumba na Micheweni zilitengwa kuwa maeneo huru tangu miaka ya 1990. Micheweni iko kwenu Pemba hiyo hiyo. Ukirudi ukaweza kueleza kwa nini mmoja alifika na mwengine bado, hiyo si ripoti ya kuipa alama tu, hiyo wakubwa wataisoma.

binti_mkunazini
Mchuuzi kasema kweli kuhusu bandari, lakini swali ni nani atakufungulia mlango. Mimi nilikwenda Dubai na darasa letu. Siku saba. Bandari tuliiona kwenye kioo cha basi, dakika kumi. Wakala aliyetupangia safari alitupeleka madukani siku nne mfululizo, na kila tulipouliza habari ya kukutana na watu wa kampuni alituambia kesho. Ripoti yangu niliiandika kwa kusoma mitandaoni, nikiwa Zanzibar, na mpaka leo inaniuma kwa sababu mama alivunja kibubu chake kunilipia.

Kabla ya kutia sahihi omba ratiba ya kila siku, iandikwe mtapokelewa wapi, saa ngapi, na nani. Popote utakapochagua. Wakishindwa kukupa, ujue hakuna.

ami_konde
Mwanangu wa Wete, mimi nimechuma, nimeanika, nimepanga foleni kituoni na magunia yangu. Kwa hivyo nitasema kidogo kwa urefu.

Karafuu yetu ina mnunuzi mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Zamani mkulima alikuwa akipewa sehemu ndogo mno ya bei ya nje, ndiyo maana karafuu ikivushwa usiku kwa magendo kwenda pwani ya Kenya. Watu walifungwa, na wengine bahari iliwachukua. Tangu 2011 Serikali ilipandisha, mkulima akawa anapata kama asilimia 80 ya bei ya nje, na magendo yakapungua sana. Hilo ni jema na nalishukuru. Lakini bei yenyewe inapatikanaje huko nje? Hapo ndipo wengi wetu tunapokomea. Tunaisikia tu imetangazwa.

Sasa Mombasa kuna mnada wa chai. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, na ya Tanzania pia, inapelekwa pale kila wiki, wanunuzi wanashindana, bei inaonekana. Zao la shamba, la wakulima wadogo wengi, kama letu. Wewe unataka kujua bei inavyozaliwa. Kwa nini uende mbali?

mwl_tunguu
Nafundisha biashara, na naomba msiipite Mauritius haraka. Miche ya karafuu ilikuja kwetu karne ya 19 kutoka visiwa vya upande ule. Wao walibaki na sukari, sisi tukabaki na karafuu. Walipata uhuru 1968 wakiwa na zao moja, na mwaka 1970 wakatunga sheria ya viwanda vya kuuza nje. Nguo zikaja, kisha utalii, kisha huduma za fedha. Ulaya ikiwanunulia sukari kwa bei ya mkataba tangu 1975. Mkataba ule ulipokwisha 2009 hawakukaa kulia, waligeukia sukari maalumu ya thamani kubwa na umeme wa makapi ya miwa.

Na hili ami alisikie: sukari yao yote inauzwa na mlango mmoja, Mauritius Sugar Syndicate, tangu 1919. Tofauti ni kwamba mlango huo ni wa wazalishaji wenyewe. Kwa hivyo muuzaji kuwa mmoja si lazima iwe ndiyo tatizo. Tatizo laweza kuwa ni nani anakaa mezani.

ami_konde
Mwalimu, hilo sikuwa nikilijua. Ahsante sana. Limenipa la kufikiri.

kijana_wa_majengo
Salamu kutoka Mombasa. Nimefanya kazi kwenye ghala la chai miaka sita. Siku hizi mnada uko kwenye kompyuta, hakuna tena watu kupaza sauti ukumbini, kwa hivyo usije ukitarajia kelele. Utakachojifunza kiko kwa mabroka, yaani madalali wa chai. Mwombeni mwalimu wenu aandike barua mapema mpokewe kwenye chumba cha kuonjea. Vikombe vimepangwa safu ndefu, mwonjaji anavuta chai kwa kijiko, anatema, anasema daraja lake. Bei huanzia hapo, kabla hata ya mnada.

Pia usiambiwe mnada ni dawa ya kila kitu. Mwaka 2021 Kenya iliweka bei ya chini, dola 2.43 kwa kilo, kwa chai ya wakulima wadogo. Nia ilikuwa nzuri. Wanunuzi wakaikwepa, chai ikajaa maghalani mwetu mpaka hapana pa kukanyaga, na baadaye bei ile ikaondolewa. Waulize wakulima na wanunuzi wote wawili, utapata ripoti ya kweli.

Njia ni Tanga kisha mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Mtanzania hahitaji viza Kenya, ila chukua pasipoti na kadi ya homa ya manjano, usipate usumbufu.

mchuuzi_darajani
Kwa swali lake la bei ya zao, nakubali, Mombasa inamfaa. Dubai ilikuwa jibu la swali langu mimi.

mwana_wa_wete
Ahsanteni nyote. Jana usiku nilimpigia baba. Nikamwambia habari za mnada, za chumba cha kuonjea, na za wale wa Mauritius wenye sauti kwenye mauzo yao. Alinyamaza, kisha akaniuliza: "Hao wa chai, mkulima wao anajuaje kama broka hamdanganyi?" Sikuwa na jibu. Nimeliandika liwe swali la kwanza kwenye karatasi yangu, na Jumatatu nitaandika Mombasa. Mwl_tunguu, nikikutumia inboksi unaweza kunielekeza pa kusoma habari za lile shirika la sukari, niliweke upande wa pili wa ulinganisho? Na kijana wa Majengo, barua tuipeleke kwa broka mmoja au kwa chama chao?

kijana_wa_majengo
Pelekeni kwa chama, mkiomba na mabroka wawili, si mmoja. Mkasikie hadithi zinatofautiana wapi. Na uje na karafuu kidogo za kwenu kwenye mfuko, wale waonjaji wana pua, watakuambia mambo.