Waongoza wageni Bagamoyo: "used to", "am used to" na "was used to" zinatofautianaje?

KijanaWaKaole
Wakuu, habari za muda huu. Najifunza kazi ya kuongoza watalii hapa Bagamoyo, na Kiingereza kinanikwama mahali pamoja: "used to". Kila mtu anaitumia kivyake. Hizi ndizo sentensi ninazotaka kuwaambia wageni, naomba mniambie zipi zimekaa sawa:

1. "Caravans used to arrive here from the interior."
2. "I am used to speak with tourists."
3. "The Old Fort was used to house soldiers."
4. "Livingstone's body used to lie in this tower in 1874."
5. "I use to come here every Friday."

Na kwenye swali, ni "Did you used to" au "Did you use to"?

MwalimuMstaafu_Tanga
Ya 1 na ya 3 ziko sawa. Zilizobaki zina kasoro, kila moja na yake.

Kabla ya yote, angalia kilichokaa kushoto kwa "used". Kama hakuna "am, is, are, was" wala "get", unazungumzia jambo lililokuwa likifanyika tena na tena, au hali iliyodumu, na ambayo sasa haipo. Kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu: "used to arrive", "used to be". Mfano mzuri kwa kazi yako: "Bagamoyo used to be the capital of German East Africa." Makao makuu yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891, kwa hiyo sentensi ni ya kweli pande zote mbili: ilikuwa, na siyo tena. Upande huo wa pili ndio waongozaji wengi wanausahau. Ukimwambia mgeni "The Holy Ghost Mission used to be in Bagamoyo" ataelewa kwamba misheni imeondoka, na huku amesimama uani kwake. Kitu ambacho bado kipo sema "has been": "The mission has been here since 1868."

Ukiona "am, is, are", maana inageuka kuwa kuzoea. Hapo kinachofuata ni jina la kitu au kitenzi chenye -ing: "I am used to the heat", "I am used to speaking with tourists." Kosa la sentensi yako ya 2 linatoka nyumbani. Kiswahili chetu kinasema "nimezoea kuongea", na ile "ku-" inatuvuta moja kwa moja kwenye "to speak". Lakini "to" hii si ya kitenzi, ni kihusishi, sawa na ile ya "I look forward to seeing you". Namna ya kuipima: weka "it" baada yake. "I am used to it" inakubali. "I used to it" inagoma. Panapokubali "it", kitenzi kivishe -ing.

Ya 4 inaharibika kwa sababu ni tukio la mara moja. Mwili wa Livingstone ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874 na watu walioubeba kutoka bara, akina Susi na Chuma wakiwa mbele. Haukuwa ukiletwa kila mwaka! Tumia wakati uliopita wa kawaida: "Livingstone's body lay here in February 1874." Vilevile ukitaja muda uliohesabika, "used to" inaondoka. Si "I used to live in Tanga for ten years" bali "I lived in Tanga for ten years."

BintiChumbageni
Shikamoo Mwalimu. Naongezea upande wa masikio, maana wengi wanapotelea hapo.

"Used to" ya zamani na ile ya kuzoea zote hutamkwa "yustu". Herufi d haisikiki kabisa na s ni kali. Lakini "used" ya kutumika, kama kwenye sentensi ya 3, hutamkwa "yuzd", z inasikika waziwazi. Kwa hiyo "The fort was used to house soldiers" ukiitamka "yustu", mgeni anaweza kusita akidhani unasema ngome imezoea kitu.

Kwa kuwa d haisikiki, watu huandika walichosikia, "I use to come". Wakati uliopo hauna "use to" ya mazoea. Pale unapotaka kusema "huja hapa kila Ijumaa", sema "I come here every Friday", au "I usually come here on Fridays." Basi.

Kwenye swali, d inaondoka kweli: "Did you use to fish here?" Neno "did" limeshabeba wakati uliopita, halihitaji msaidizi wa pili. Kukanusha ni hivyohivyo: "We didn't use to have a tarmac road." Ukiona "didn't used to" kwenye magazeti ya wenyewe usishangae, nao hukosea. Kwenye mtihani andika bila d. Wakati wa kuongea, "never used to" ni rahisi zaidi na haina mtego.

MkongeHalisi
Kuna kosa moja hamjaligusa, nalo ndilo linalosikika sana kwenye maelezo ya historia. Mtu anasema "Ivory used to carry by porters." Hapo pembe ndizo zinazobeba! Kitu kinapofanyiwa jambo, ongeza "be" na ubadili kitenzi: "Ivory used to be carried by porters." Namna hiyohiyo: "Slaves used to be marched to the coast", "Sisal used to be grown on this estate."

Angalia sasa kinyume chake: "The fort used to house soldiers", bila "was". Nayo ni sahihi, kwa sababu ngome yenyewe ndiyo iliyowapa askari makazi. Ukiweka "was" unasema ilitumika kwa kazi hiyo. Ukiiondoa unasema ilikuwa hivyo na sasa sivyo. Kwa mgeni tofauti ni ndogo, lakini usichanganye matamshi aliyoyaeleza dada hapo juu.

Jambo la mwisho ni "would". Ukirudia "used to" sentensi nne mfululizo, hadithi inachosha. Fungua na "used to", kisha endelea na "would": "Caravans used to arrive here from the interior. The porters would put down their loads and rest." Masharti ni kwamba "would" inabeba vitendo tu, haibebi hali. Huku Tanga tunasema "Tanzania used to be the world's biggest producer of sisal." Ukiweka "would be" hapo, maana inavurugika, inasikika kama jambo la kudhania.

KijanaWaKaole
Asanteni sana, Mwalimu shikamoo. Nimeandika upya, naomba mkague:

"Caravans used to come here from Tabora and Ujiji. Porters would rest after the long walk. The ivory used to be shipped to Zanzibar. We are get used to this question from visitors. Did you use to know about Bagamoyo before?"

MwalimuMstaafu_Tanga
Marahaba. Tatu za mwanzo usiziguse.

Ya nne umebandika "are" na "get" pamoja, chagua moja. "We are used to this question" ni kwamba mmeshazoea. "We are getting used to this question" ni kwamba bado mnaizoea. Ukitaka kumtuliza mgeni anayelalamikia joto, ni hii hii "get": "You will get used to it."

Ya tano sarufi imenyooka ila hakuna anayesema hivyo, kwa sababu kujua si tabia ya kurudiarudia. Muulize "Did you know about Bagamoyo before you came?" Au, kwa upole zaidi, "Had you heard of Bagamoyo before?"