Mama ana kiharusi, hela ya TASAF inaingia kwenye laini yake na PIN imefungwa. Nifanyeje?

Binti_Bahi:
Habari zenu wakuu. Mama yangu ni mlengwa wa TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini) huku kijijini, wilaya ya Bahi. Zamani walipanga foleni wakalipwa mkononi, siku hizi hela yake inaingia kwenye simu. Sasa amepata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki vizuri. Nimefunga genge langu la Majengo mjini nimerudi kumuuguza, maana kaka zangu ni wa kutuma salamu tu.

Namba ya siri aliijua mwenyewe. Mdogo wangu kabahatisha weee mpaka laini ikafungwa. Wakala anasema mwenye laini aje aweke kidole, na mama hata kukaa bila kuegemea hawezi. Dirisha la malipo (siku za kulipwa) limekaribia. Halafu mimi ninayemuuguza, kuna chochote ninachostahili?

Dom_Makavu:
Mwambie mwenyekiti aweke namba yako, yaishe. Huku kila mtu anafanya hivyo.

Zabibu_Chungu:
@Dom_Makavu acha kumpoteza dada wa watu. Jina la laini lisipooana na la mpokeaji, malipo yatakwama.

Pole sana dada. Nimewahi kuwa kwenye kamati ya kijiji (CMC) huku Chamwino. Ile ruzuku ni ya kaya, mama ni mpokeaji tu. Mpokeaji akiugua, kaya inaomba abadilishwe. Anza kwa mtendaji na kamati, waje wamwone mama, taarifa iende kwa mratibu wa TASAF halmashauri. Beba kitambulisho cha mlengwa, kitambulisho cha taifa (NIDA) chake na chako, na karatasi za hospitali. Ila wewe ulikuwa mjini, sidhani kama umo kwenye orodha ya kaya. Nani mtu mzima mwingine aliyeandikwa?

Binti_Bahi:
Ni huyo huyo mdogo wangu 😩 Hela akiishika haivuki kilabuni.

Zabibu_Chungu:
Hahaa. Basi lisemeni hilo mbele ya kamati, na uombe wewe uingizwe kwenye kaya. Usimalizane na mtu pembeni, kesho kaka zako watasema unakula hela ya mama.
Malipo ya muuguzaji peke yake hakuna. Lakini mpango ulioanza 2020 uliangalia pia kaya yenye mtu mwenye ulemavu, kwa hiyo waambie hali ya mama imebadilika.

fundi_laini:
Hiyo laini msiitupe, huenda kuna malipo ya nyuma humo. Mawakala wa usajili wana mashine za kutembea nazo, muombe mmoja aje nyumbani, nauli ya boda juu yako. Vidole vya wakulima vimelika na jembe, mashine inagoma. Mwoshe mama vidole kwa maji ya uvuguvugu, mpake mafuta kidogo, mfute vizuri. Mkono wa kulia ukikataa jaribuni kushoto, NIDA walichukua vyote kumi. Na PIN mpya muiweke mama akiona, wakala asiiguse.

Mama_Chumvi:
Mama amefika 60? Mwone na afisa ustawi wa jamii, kuna msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza. Hiyo ya dawa ndiyo itakumaliza kuliko hata ruzuku.

Binti_Bahi:
Ana 67. Asanteni sana. Mtendaji wetu hashindi ofisini, nitamvizia mnadani Alhamisi.

Zabibu_Chungu:
Mnadani mpe salamu tu, karatasi azigongee muhuri ofisini.