Mafuta ya makonyo yanakataa kukaa ndani ya maji

BintiWawi: Assalaam alaykum wenzangu. Natengeneza dawa ya kupuliza nyumbani: mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ya hapahapa Pemba, maji na Tween 80, ile ya kuchanganyisha mafuta na maji. Nataka itoke angavu, lakini nikipiga kwa blenda inatoka nyeupe kama tui, na siku chache tu mafuta yametua chini ya chupa. Ninunue blenda kali zaidi?

FundiMaabara: Waalaykum salaam dada. Pesa yako iweke. Weupe maana yake vitone vya mafuta bado vikubwa. Vikishuka chini ya nanomita 100 hivi, mwanga hupita na maji huwa na kibuluu kidogo. Viwandani hufika huko kwa mashine za shinikizo kubwa au mawimbi ya sauti. Blenda ya jikoni haifiki hata ikizunguka mpaka usiku.

Tween unatia kiasi gani? Wengi huibania. Kila kitone kikipasuka, eneo la kufunikwa na Tween linaongezeka, na Tween isipotosha vitone hurudi kuungana. Anza na Tween sawa na mafuta kwa uzito, kisha panda. Na uitie kwenye mafuta, si kwenye maji! Mimina mchanganyiko huo polepole ndani ya maji huku unakoroga. Tween inapokimbilia majini, inayapasua mafuta yenyewe.

Hilo la kutua ni jengine. Yujenoli, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya makonyo, ni nzito kuliko maji, tena huyeyuka majini kidogo. Basi inahama kutoka vitone vidogo kwenda kwenye vikubwa, na vikubwa vinanenepa hata kama ulianza vizuri. Changanya mafuta ya nazi ndani ya makonyo kabla ya Tween. Hayo hayayeyuki majini, hubaki ndani ya kitone na kuzuia uhamaji. Usizidishe lakini, vitone vitakuwa vikubwa tena.

Mpemba_Wete: Mie napasha maji kwanza.

FundiMaabara: Vuguvugu sawa, mafuta yanalainika na kupasuka kwa wepesi. Maji yakikaribia kuchemka, Tween huanza kuyakataa, na harufu yote inakwenda na mvuke.

BintiWawi: Ahsante kaka. Nazi yangu ni ya kupika mwenyewe kwa tui, inafaa?

FundiMaabara: Ina masimbi yale, mabaki ya tui, dawa haitatoka angavu. Chukua ya dukani iliyosafishwa. Na kama una paka ndani, usipulize alipo, yujenoli haimfai.