Begi la mgeni lapita, kikapu cha mama chabaki mlangoni: tuseme au tunyamaze?

MWENYE MADA, MAKORORA

Salaam ndugu zangu wa Tanga, mliopo mjini na mlio mbali. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi, nalileta kwenu mnisaidie kulipima.

Jumamosi ndiyo siku yangu ya mahitaji ya nyumbani. Alfajiri nipo Deep Sea kwa samaki, kisha Mgandini kwa nazi na viungo, na mwezi ukiwa bado mchanga namalizia duka moja kubwa la kujihudumia katikati ya mji, nichukue sabuni na maziwa ya mtoto. Duka silitaji. Niliyoyaona pale nadhani wengi wenu mmeyaona kwingine.

Mlangoni pana mlinzi na meza. Mwenye mzigo anauacha pale, anapewa kibao cha namba. Mbele yangu alikuwapo mama mtu mzima, kajitanda kanga, mkononi ana kikapu cha ukili chenye mchicha na dagaa waliofungwa kwenye gazeti. "Mama, kikapu hapa," mlinzi akamwambia. Mama akaomba aingie nacho, dagaa wake wasije wakapondwa na mizigo ya watu. "Utaratibu ni mmoja kwa wote, mama." Akakiweka, akapewa kibao namba 17.

Mlinzi hajaondoa mkono kwenye kikapu, wakatokea vijana wawili wa Kizungu. Mmoja kabeba begi la mgongoni, yale makubwa ya safari, lenye mifuko kila upande na chupa ya maji ikining'inia. "Karibuni sana, karibuni." Mlinzi akawavutia mlango. Begi likaingia. Mama akalitazama lile begi, akakitazama kibao chake, akaingia naye.

Wakati wa kutoka, ikawa vilevile. Mama alisimamishwa, risiti ikasomwa mstari kwa mstari, vipande vya sabuni vikahesabiwa kwa kidole: kimoja, viwili, vitatu. Wale vijana walipita risiti ikiwa mkononi, hakuna aliyeiomba.

Na mimi nilikuwa nyuma yake muda wote huo, kimya. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Nilijiambia nina haraka, nikajiambia halinihusu. Mama alipokuwa anachukua kikapu chake ndipo nikapata sauti ya kusema, "Pole, mama." Akageuka akaniuliza, "Pole ya nini, mwanangu?" Nikakosa la kumjibu. Mpaka leo sijui kama hakuona, au aliona akaamua kwamba mimi niliyenyamaza mlangoni sina haki ya kumpa pole nje.

Vijana wale siwalaumu, wao walikaribishwa wakaingia. Na mlinzi ni mwenzetu, pengine mama yake mzazi anabeba kikapu kama kile. Hakuna aliyetukanwa, hakuna bango lililobandikwa. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mtu kubaguliwa kwa rangi yake, lakini mlango uliovutwa kwa huyu na kikapu kilichoshikwa kwa yule utaupeleka mahakama gani?

Mimi nasema ule ni ubaguzi wa rangi, mdogo kwa kimo lakini ni huohuo. Mlinzi mwenyewe alitamka kwamba utaratibu ni mmoja kwa wote, na maneno hayajapoa mdomoni akauvunja kwa kuona ngozi. Nasema pia kwamba aliyeshuhudia anapaswa kusema. Nisahihisheni kama nimekosea.

MCHANGIAJI WA KISOSORA

Kaka, hapo umeona rangi mahali penye pesa. Mama yule angeshuka kwenye gari la maana, amevaa dhahabu, kikapu kisingeguswa. Mimi ni mweusi tii, na nikitoka kazini na tai yangu nafunguliwa mlango palepale. Nikienda na kandambili, naulizwa nataka nini. Mzungu kwa mlinzi ni mfuko unaotembea. Tuite jambo kwa jina lake, huo ni unyanyasaji wa maskini.

ALIYEWAHI KULINDA

Shikamooni wakubwa. Nimelinda milango miaka 6, duka na hoteli, nieleze ya upande wetu.

Mali ikipotea, inakatwa kwenye mshahara wa mlinzi wa zamu. Kwa hiyo unakagua, huna namna. Lakini siku ya kwanza kazini unaambiwa pia: wageni wasisumbuliwe. Nani mgeni, hakuna anayekuandikia. Unaonyeshwa kwa macho tu. Mwenzangu mmoja alimwomba mteja wa Kizungu afungue begi, kwa adabu kabisa. Mteja akalalamika kwa meneja, na mwenzangu jioni ile hakuwa na kazi.

Sasa nikuulize, ndugu yangu wa Kisosora: mama wa kikapu akilalamika, nani atafukuzwa? Hakuna. Ndiyo maana anakaguliwa yeye. Mlinzi hamtafuti mwizi, anamtafuta mtu ambaye kumkagua hakutamletea balaa. Nimefanya hivyo kwa mama zangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sioni fahari.

Hiyo hoja ya pesa haikamiliki. Wageni wengine wanaotembelea mji huu wanalala gesti za bei ya chini, wanapanda daladala kama sisi. Unawaona kabisa kwamba hawana kitu, na bado mlango unauvuta.

BINTI WA CHUMBAGENI

Naomba nami niingie, ingawa najua wengine wataniuliza naingia kama nani.

Mimi ni Mtanga wa asili ya Kihindi. Babu wa babu yangu alifungua duka hapa enzi za Mjerumani. Sina kwingine. Nyumbani tunaongea Kikachi na Kiswahili, na nikikasirika hutoka Kiswahili.

Jumapili iliyopita nilikuwa sokoni. Mbele yangu dada mmoja kanunua fungu la nyanya kwa shilingi 1,000. Nikainama kuchukua fungu la pembeni yake, nyanya zilezile za kreti lile lile, nikaambiwa 2,000. Nikasema, mama, sasa hivi umeuza 1,000. Akacheka vizuri tu, bila chuki: "Aa, wewe Mhindi bwana, una hela." Waliokuwa karibu wakacheka pia. Halafu kijana wa kubeba mizigo akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Chumbageni. "Hapana, kwenu kwenyewe." Kwetu kwenyewe! Makaburi ya watu wangu yote yako hapa.

Nililipa 2,000. Si kwamba shilingi 1,000 iliniuma, niliona haya tu kusimama pale nikibishana. Na kama mwenye mada alivyonyamaza kwa mama, wote waliokuwa pale walininyamazia mimi.

Lakini mizani isilale upande mmoja. Kuna duka la ndugu zangu ambalo mzee mmoja wa Kidigo amefanya kazi tangu sijazaliwa. Anajua kila bidhaa ilipo gizani. Anawajua wateja kwa majina ya baba zao. Droo ya pesa hajawahi kuigusa. Binamu yangu wa miaka 19, aliyemaliza shule juzi, ndiye anayekaa hapo. Niliwahi kumuuliza mjomba kwa nini. Akanijibu, "Ndivyo tulivyo." Mzee wa watu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, anafunga unga kwenye mifuko, na hakuinua kichwa. Niliona haya kuliko ile ya nyanya, na hapo pia nilinyamaza.

MZEE WA NGAMIANI

Marahaba wanangu. Mmesema mengi, nami niongeze ya umri wangu.

Mji huu ulipangwa kwa rangi kabla yenu hamjazaliwa. Wazungu walikaa kule Raskazone kwenye upepo wa bahari. Wahindi walikaa mitaa ya maduka. Sisi tukawekwa Ngamiani, na barabara zetu zikapewa namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, mpaka leo tunaelekezana hivyo. Hata kura ilikuwa na rangi: uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mhindi na Mzungu. TANU walibishana sana Tabora Januari 1958 kama washiriki au wasusie, na wakashiriki. Oktoba 1961, Uhuru ukiwa mlangoni, Nyerere alisimama Bungeni kuwapinga waliotaka uraia ufuate ngozi ya mtu. Miaka 10 baadaye, 1971, serikali ikatwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ila wenye majumba hayo wengi walikuwa Wahindi, na jirani zetu kadhaa walifunga virago. Binti yangu wa Chumbageni, wa kwenu walibaki, na kubaki wakati ule hakukuwa jambo jepesi. Anayekuuliza kwenu kwenyewe hajui anachokiuliza.

Kwa hiyo kuhusu jina la jambo, nipo na mwenye mada. Ni rangi. Pesa imo, lakini rangi ndiyo iliyotufundisha nani wa kudhaniwa ana pesa.

Kuhusu kusema, sikubaliani naye. Kumpigia mlinzi kelele mbele ya watu ni kumvunjia utu mtu mwingine maskini, na mama wa kikapu utamgeuza tamasha. Labda ndiyo maana alikuuliza pole ya nini. Mvute mlinzi pembeni, au mwendee mwenye duka. Pwani hatusutani mlangoni.

MJUKUU WA MANAMBA

Babu, nakuheshimu, ila pwani husuta sana inapotaka. Babu yangu aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge. Nimezaliwa Muheza, na bado kuna nyumba hapa mjini nikienda kuulizia chumba naulizwa kwanza asili yangu. Sisi watoto wa kambini tulisutwa hadharani utotoni mwetu mwote, hakuna aliyetuvuta pembeni. Mbona adabu inakumbukwa pale anaposutwa anayebagua?

MWENYE MADA

Nimewasoma wote, na mwanangu wa Muheza kaniacha na swali ambalo sijalimaliza.

Jana Jumamosi nilirudi pale. Nilifuata ushauri wa mzee, nikasubiri mlango uwe mtupu. Nikamwambia mlinzi, bwana mdogo, wiki iliyopita ulimwambia mama utaratibu ni mmoja kwa wote, kisha begi la mgongoni likapita. Hakukataa. Alitazama ndani kwanza, akasema kwa sauti ya chini, "Nakumbuka, kaka. Sasa hayo mwambie wa ofisini, mimi nikiyasema naondoka." Ni yaleyale ya mchangiaji wetu aliyelinda.

Nikaomba kumwona meneja. Kijana wa heshima, alinisikiliza amesimama. Akaniambia hawana ubaguzi, mizigo yote inaachwa. Nikamwuliza kama yupo radhi iandikwe hivyo pale mlangoni, mizigo yote, bila kumwacha mtu, ili mlinzi awe na cha kuonyesha mgeni akilalamika. Akasema atalifikisha juu. Sikuridhika, nikamwambia Jumamosi ijayo nitakuja kuuliza limefika wapi. Nitakwenda.

Ndugu wa Kisosora, sikatai kwamba maskini hunyanyaswa. Lakini mimi na wewe tunahitaji tai ili tufunguliwe mlango, na yule kijana alikuwa na kaptura na vumbi la safari.

Mzee wangu, bado nadhani ipo siku pembeni haitatosha. Kama ningesema neno moja tu pale pale, kwa upole, "Kaka, na begi lile?", mama angejua hayuko peke yake. Hilo silioni kuwa kumvunjia mtu utu.

Dada wa Chumbageni, Jumamosi nitakuwa Mgandini saa 2 asubuhi. Ukiwa na nafasi tuongozane mpaka kwa yule mama wa nyanya. Uulize wewe bei. Mimi nitakuwa pembeni yako, na safari hii nitasema.