Linaloli kwa sabuni na losheni: lavenda, mkafuri, giligilani au ya kiwandani?

SabuniBaridi: Wakuu, nataka harufu ya maua ya linaloli (kemikali ya harufu iliyomo kwenye mafuta ya mimea mingi) kwa sabuni isiyopikwa (kilo 1 ya mafuta: nazi, mawese, alizeti) na losheni ya mwili. Ipi inahimili kostiki soda, na ipi ni salama kubaki kwenye ngozi?

KemiaMaua: Kwa sabuni, mkafuri wa aina ya linaloli, ule unaouzwa kwa jina la ho wood. Linaloli yake hupita asilimia 90, na kwa kuwa ni alkoholi, kostiki haiivunji. Lavenda ina linaloli asilimia 25 hadi 38 tu. Sehemu nyingine kubwa ni linalili asetati, yenye utamu wa tunda, na hiyo ndiyo inayovunjwa. Gramu 30 za lavenda yenye asetati asilimia 35, ikivunjika yote, hula takriban gramu 2 za kostiki. Sabuni haiharibiki, inabaki na mafuta zaidi kidogo, ila umelipia harufu iliyopotea.

RehaniPwani: Giligilani isisahaulike. Mafuta ya mbegu zake yana linaloli asilimia 60 hadi 80. Soma lebo iseme mbegu, kwani ya majani ina aldehidi (kemikali za harufu kali) kwa wingi na hunuka kachumbari. Kumbuka pia linaloli ina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Lavenda na mkafuri zina umbo la R, lenye harufu ya mti na lavenda. Giligilani ina S, tamu zaidi. Pua hunasa R kwa kiwango cha chini karibu mara 9, kwa hiyo usipange gramu kwa kuangalia asilimia peke yake. Ya kiwandani ni nusu R nusu S: rahisi, haibadiliki kati ya chupa na chupa, ila bapa ikiwa peke yake.

SabuniBaridi: Na harufu kutoweka sabuni ikikauka?

KemiaMaua: Itapungua tu, linaloli ni nyepesi. Ifunge na mafuta mazito: mkafuri gramu 20, pachuli 7, langilangi 3. Changanya hizo kwanza, kisha mimina kwenye uji wa sabuni ukianza tu kuwa mzito, joto likiwa nyuzi 35 hadi 38. Mafuta ya karafuu yanashika harufu vizuri, lakini eujenoli yake huharakisha kuganda. Ukizidisha, sabuni inakwama sufuriani.

NgoziKwanza: Kwenye losheni swali kubwa si chanzo, ni umri wa chupa. Linaloli mbichi husumbua ngozi chache sana. Ikikutana na hewa hutengeneza haidroperoksidi, na hizo ndizo zinazoleta mzio, iwe ya mmea au ya kiwandani. Nunua chupa ndogo za kioo cheusi, ongeza vitamini E au BHT (kemikali ya kuzuia mafuta yasiharibiwe na hewa) asilimia 0.1 siku ya kufungua, hifadhi kwenye friji. Chupa ikibaki nusu, hamishia kwenye ndogo zaidi ili hewa isipate nafasi. Weka mafuta hayo kwa asilimia 0.5 ya uzito wa losheni, losheni ikishapoa chini ya nyuzi 40. Mafuta yaliyokaa wazi yasiingie hata kwenye sabuni.

RehaniPwani: Mkiuza Ulaya, linaloli lazima itajwe kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 kwa losheni, 0.01 kwa sabuni. Kwa vipimo hivi mtazidi vyote viwili.