Mjadala: Mwalimu wa yoga ana haki ya kukushika bila kukuuliza?

Mwanzisha mada, Raskazone

Ndugu zangu wa Tanga, hoja hii naileta hadharani kwa sababu imeshaanza kusemwa pembeni, na maneno ya pembeni hayaishi. Darasa letu la yoga la asubuhi limegawanyika. Mwalimu anayetufundisha, ambaye si mwenyeji, ana desturi ya kumlalia mwanafunzi mgongoni ili akunjike zaidi, au kumshika kiuno na kumzungusha, bila kuuliza. Mama mmoja wa makamo alimwambia asimguse. Akajibiwa kwamba ndivyo walivyofundisha walimu wakubwa wa India, na asiyeweza kujisalimisha kwa mwalimu hawezi kujifunza yoga. Mama yule hajarudi tena. Tangu hapo wapo wanaosema mwalimu hakukosea, wapo wanaosema hayo ndiyo malipo ya kufuata ibada za watu, na wapo wanaosema haya ni mazoezi tu, tusiyakuze.

Mimi nasema hana haki hiyo. Sababu zangu nazitoa kwenye historia ileile anayoitegemea, maana wengi wetu tunatajiwa majina ya walimu hao na kunyamaza, hatujui walifanya nini.

Sehemu kubwa ya yoga ya mikao inayofundishwa leo duniani imepitia kwa mtu mmoja, Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa 1888 na kufariki 1989. Miaka ya 1930 alikuwa akifundisha kwenye kasri la Mysore, kusini mwa India, chini ya udhamini wa mfalme. Kati ya wanafunzi wake walikuwemo vijana wa kiume wa ukoo wa kifalme, wenye nguvu na miili myepesi. Mikao ya kufuatana haraka, ya kuruka na kujipinda, iliwafaa wao. Wanahistoria bado wanabishana alichota kiasi gani kwenye jimnastiki ya enzi ile, lakini kwamba aliyapanga mazoezi kwa namna yake, hilo liko wazi. Baadaye alihamia Madras, akawa anafundisha zaidi mtu mmoja mmoja, wakiwemo wagonjwa na watu wazima, na mafunzo yake yakabadilika: taratibu, pumzi mbele, kila mtu kwa hali yake. Ni mtu yuleyule. Sasa anayetuambia kwamba mwanamke wa miaka 50 mwenye kiuno kibovu lazima akunjwe kama kijana wa kasri la Mysore, hajamsoma vizuri huyo mwalimu anayemtaja.

Tuje kwenye mikono. B.K.S. Iyengar alikuwa shemeji wa Krishnamacharya na mwanafunzi wake, kijana dhaifu aliyepitia malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alisimulia mwenyewe kwamba siku moja aliamriwa, mbele ya watu, apanue miguu, mmoja mbele na mmoja nyuma, mpaka akae chini. Mkao ule hakuwa amefundishwa. Akajitetea kwamba kaptula inambana. Mwalimu akaagiza mkasi, kaptula ikakatwa. Kijana akatii, akachanika misuli ya nyuma ya mapaja, na kwa muda mrefu akawa anatembea kwa shida. Mimi kwenye kisa hiki huwa nasimama pale penye mkasi. Mtoto wa watu anatafuta njia ya kusema hapana kwa adabu, na hata hiyo njia inakatwa.

Kijana huyo ndiye aliyekuja kufundisha dunia. Mwaka 1952 alikutana na mpiga fidla Yehudi Menuhin, ambaye alimfungulia milango ya Ulaya. Mwaka 1966 kitabu chake Light on Yoga kilitoka kikiwa na picha karibu 600, na mpaka leo walimu wanakifungua. Ni yeye aliyeeneza matumizi ya viti, mikanda, kamba na vipande vya mbao ili mwili mgumu usaidiwe. Hapa kwetu, tunapokunja leso mara nne na kuiweka chini ya nyonga, au tunapoivusha nyuma ya nyayo na kuivuta kwa mikono miwili badala ya kuinama kwa nguvu, hiyo ni kazi ya Iyengar, na mimi namshukuru kwa dhati. Lakini alijulikana pia kwa ukali na kwa kuwapiga wanafunzi vibao. Alichofanyiwa akakiendeleza.

Mwenzake waliyesoma naye, K. Pattabhi Jois, aliyefariki 2009, ndiye aliyeisambaza Ashtanga, ile yoga ya jasho. Mtindo wa mwalimu kukulalia na kukusukuma umeenea sana kupitia shule yake. Wanawake kadhaa waliokuwa wanafunzi wake wamesema hadharani kwamba alikuwa akiwashika sehemu za siri kwa kisingizio cha kuwarekebisha mkao. Wengi walikaa kimya miaka mingi kwa sababu kila aliyewazunguka aliita jambo lile mafundisho. Mwaka 2019 mjukuu wake Sharath, aliyeirithi shule, aliandika waziwazi akiyakubali maumivu hayo na kuomba msamaha. Kwa hiyo mtu akisema "ndivyo walivyofundisha wakubwa", sawa, na wakubwa hao ndugu zao wameshaliombea radhi jambo hilo.

Bikram Choudhury nisimrefushe. Yule mwalimu wa yoga ya chumba cha joto la nyuzi 40 na mikao 26. Mwaka 2016 mahakama ya Los Angeles iliamua amlipe aliyekuwa mwanasheria wake zaidi ya dola milioni 6, katika kesi ya unyanyasaji wa kijinsia na kufukuzwa kazi isivyo halali. Mwaka uliofuata ikatoka hati ya kumkamata, akiwa ameshaondoka Marekani.

Hoja yangu ni hii: kazi waliyoibuni kwa akili zao tuichukue, ni nzuri. Utii wa kufumba macho tusiuchukue. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji, Ngamiani

Dada yangu, assalaam alaykum. Nimekusoma mpaka mwisho na nakubaliana nawe kuhusu kushikwa, hilo halina mjadala kwetu, mwanamume na mwanamke wasio maharimu. Lakini umeruka mzizi. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga yenye ibada na maneno ya kuabudu. Maulamaa wa Indonesia mwaka 2009 nao walikataza ile yenye taratibu za dini ya Kihindu. Mngeiacha kabisa mkatembea pwani asubuhi, mngepata faida ileile bila shaka yoyote moyoni.

Mchangiaji, Makorora

Mimi nafundisha mazoezi ya viungo, na nasema wazi kwamba mada hii itawatisha walimu. Mwili haurekebishwi kwa maneno. Mtu amekunja mgongo vibaya, unamwambia "nyoosha", yeye anaamini ameshanyoosha. Ukiweka kiganja pale penye tatizo anaelewa mara moja. Mtaalamu wa viungo hospitalini naye anashika, mbona hamjamshtaki? Watu wanalipa wasukumwe. Usiposukuma wanasema mwalimu mvivu.

Mchangiaji, Chumbageni

Naomba niseme kidogo kama mtu wa familia ya Kihindi ya hapahapa Tanga, tuliozaliwa hapa sisi na wazee wetu. Inaniuma kuona mambo ya watu wachache yanaitwa desturi ya India. Nyumbani tunagusa miguu ya mwalimu kwa heshima, ni kweli. Lakini hiyo inatoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwalimu, kwa hiari yake. Bibi yangu alikuwa akifanya mazoezi ya pumzi kila alfajiri barazani, sari yake imefungwa vizuri, na hakuna mwanamume aliyewahi kumkaribia kumrekebisha. Msituwekee mzigo wa mwalimu wenu.

Mchangiaji, Sahare

Ni mazoezi tu jamani. Anayejali historia ya India ni nani?

Mwanzisha mada, Raskazone

Nawashukuru nyote, najibu kwa zamu.

Sheikh wangu wa Ngamiani, wa alaykum salaam. Sitakulazimisha, na kutembea pwani ni kuzuri. Lakini tuyasome maamuzi hayo kama yalivyo. Indonesia kilichozuiwa ni taratibu za ibada, na mazoezi ya mwili peke yake hayakuharamishwa. Saudi Arabia, mwezi Novemba 2017, iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo, na aliyeipigania miaka mingi ni mwanamke Mwislamu, Nouf Marwaai. Darasani kwetu hakuna nyimbo, hakuna sanamu, hakuna maneno tusiyoyajua maana. Mtu akiona bado ana shaka, akae nyumbani kwa amani na asisemwe.

Mama wa Chumbageni, shikamoo. Umenisahihisha pazuri na nakubali kila neno. Kwa heshima yako niongeze jina ambalo walimu wetu hawalitaji: Geeta Iyengar, binti wa B.K.S., aliyefariki 2018. Maisha yake yote aliyapanga mazoezi kwa ajili ya wanawake, siku za hedhi, ujauzito, baada ya kujifungua, kukoma hedhi. Yapo mambo ambayo mwanamume wa Mysore asingeyafikiria.

Na yupo Indra Devi, mzaliwa wa Riga. Alipoomba kufundishwa na Krishnamacharya alikataliwa, kwanza mwanamke, pili mgeni. Mfalme akaingilia kati, akapokelewa. Mwishoni ni mwalimu huyohuyo aliyemwambia akafundishe wengine. Akafungua darasa Shanghai mwaka 1939, kisha Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940, akafia Argentina mwaka 2002 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Yoga yake ilikuwa ya upole, haina kusukumana, na watu walijaa. Kwa hiyo kaka wa Makorora anaposema watu wanalipa wasukumwe, nina mashaka. Wengine wanasukumwa kwa sababu hawajaonyeshwa njia nyingine.

Nawe kaka, hoja yako ya kiganja ni ya kweli na sitaki uipoteze. Lakini mtaalamu wa viungo mwenye kujua kazi yake anakueleza kwanza: nitaweka mkono hapa, nitakunja goti hivi, ukisikia maumivu sema. Na ukisema, anaacha. Sisi tumelaliwa mgongoni katikati ya pumzi, uso uko kwenye magoti, huoni nani yuko nyuma yako. Hilo ni tendo jingine kabisa. Vilevile yapo mengi ya kufanya kabla ya mkono. Mtu mwenye mgongo uliokunjika mpeleke ukutani: visigino, matako na mabega viguse ukuta, atajua mwenyewe wapi hapagusi. Mpe kiti, ashike mgongo wa kiti badala ya kunyoosha mkono hewani. Iyengar aliyejeruhiwa kwa kulazimishwa ndiye aliyetuachia vifaa hivi. Mwalimu anayeviruka na kukimbilia kulala juu ya mtu ameacha sehemu bora ya urithi na kubaki na ile mbovu.

Mdogo wangu wa Sahare, anayejali ni yule mama aliyeacha kuja. Yeye hajui historia hiyo, ila imemfikia kiunoni.

Ninayopendekeza: mwalimu aulize kila mtu mwanzoni mwa darasa nani yuko tayari kushikwa, na jibu liweze kubadilika katikati. Picha za walimu wakubwa zisiwekwe ukutani, maana ukishaweka picha, kuhoji kunakuwa utovu wa adabu. Na tuwe na mwalimu mwanamke, hata kama cheti chake ni kidogo. Zile saa 200 za mafunzo ya ualimu zinazotajwa kila mahali ni kiwango cha Yoga Alliance ya Marekani, shirika lililoanza 1999. Mwanamke wa Tanga anayejua mwili wa mwanamke na mwenye kusikiliza, kwangu ana uzito zaidi ya karatasi hiyo.

Mchangiaji, Makorora

La ukuta na kiti nalichukua. La kuuliza nitalijaribu Jumatatu, ingawa darasa la watu ishirini litachelewa. Lakini kusimama kwa kichwa? Hapo nikiomba ruhusa huku mtu anaanguka, shingo itavunjika.

Mwanzisha mada, Raskazone

Anayeanguka mdake, hakuna atakayekulaumu. Ila swali langu kwako: kwa nini mtu ambaye mabega yake hayajapata nguvu yuko juu ya kichwa? Mkao huo shingo inabeba uzito mkubwa. Mwache miezi kadhaa kwenye viwiko, magoti chini, kichwa hakigusi sakafu. Akiwa tayari, mpeleke kwenye kona ya chumba ambako kuta mbili zinamkinga. Wengi hawauhitaji kabisa, hasa wenye shinikizo la damu, na hapa Tanga tuko wengi.

Mchangiaji, Chumbageni

Huyo mama aliyeacha kuja, kuna mtu amekwenda kwake?

Mwanzisha mada, Raskazone

Nimekwenda. Amesema atarudi akifundisha mwanamke, na anataka aje na dada yake.