Binti wa miaka 14 anatishiwa kusambaziwa picha, tuanzie wapi? (Tanga)

mama_ngamiani: Wanajamvi, habari za jioni. Mpwa wangu ana miaka 14. Akaunti ya Instagram iliyojiita wakala wa matangazo ya biashara ilimwomba picha za "kupima umbo", wakahamia WhatsApp. Sasa mtu anadai 150,000 kabla ya Ijumaa, la sivyo anazituma kwa wanafunzi wenzake. Baba mtu anataka alipe yaishe, na simu aivunje. Nishaurini.

fundi_makorora: Asilipe, dada. Akilipa leo amejulikana kuwa ni mlipaji, wiki ijayo dau linapanda. Simu isivunjwe wala isifomatiwe, kesi yote imo humo.

Fungueni maelezo ya mtu huyo WhatsApp hadi namba yenyewe ionekane, pigeni picha ya skrini. Kisha meseji zote tangu ya kwanza, tarehe na saa zikiwemo, hasa ile ya kudai hela. Kama kawasha meseji za kujifuta, msingoje kesho. Instagram jina la akaunti hubadilishwa wakati wowote, kwa hiyo nakilini mapema jina hilo na kiungo cha wasifu.

Picha zenyewe za mtoto msizipige skrini wala kuzihamisha, hata kwenda simu ya babake. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinagusa picha za ngono za watoto, na kumrushia shangazi "aone tu" nako ni kusambaza.

Mkimripoti WhatsApp, pana kisanduku cha kumzuia na kufuta mazungumzo. Ondoeni tiki kwanza! Hapo ndipo wengi hupoteza ushahidi.

bi_ustawi: Pigeni 116, simu ya watoto, haina malipo. Kisha Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi Chumbageni. Aende mzazi au mlezi, na cheti cha kuzaliwa, maana umri wa chini ya 18 ndio unaobeba shauri hili. Msitoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Ombeni askari wa kike, na afisa ustawi wa jamii awepo, ili mtoto asihojiwe upya kila meza.

Muulizeni taratibu kama walishaonana ana kwa ana. Kama aliingiliwa, ni hospitali ya Bombo mara moja, dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72.

pwani_tech: Kuna huduma inaitwa Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, bure, kwa picha za utupu za walio chini ya 18. Ifungueni kwenye simu ya mtoto mwenyewe. Picha haitoki kwenye simu: inatengenezwa alama ya tarakimu, na hiyo ndiyo inayopelekwa kwa Instagram, Facebook, TikTok na wengine waliojiunga, waizuie. Ina mapungufu. Picha ikikatwa au kuandikwa maneno juu, alama inakuwa nyingine. Na meseji zilizofichwa kwa usimbaji, kama za WhatsApp, haizifikii.

mama_ngamiani: Ahsanteni. Baba mtu sasa anasema amwite jamaa mjini kwa mtego, na picha yake airushe kwenye magrupu ya mtaa.

fundi_makorora: Mtego gani, kaka wa watu! Picha ya wasifu mara nyingi ni ya kuiba, ataaibishwa asiyehusika. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, ila si ajabu ikawa kwa jina la mtu mwingine. Hilo polisi ndio wanaoliulizia kampuni ya simu.

Mlichobakiza nyumbani: badilisheni neno la siri la Instagram, akaunti iwe ya faragha, mumwondoe jamaa kwenye wafuasi. Majina ya wanafunzi wenzake huenda aliyatoa humo humo. Na binti asimjibu tena, hata "naomba usitume".

bi_ustawi: Chaja mbebe. Simu ikizima kaunta, mtaambiwa mrudi kesho.